Nyuzi Ishirini na Mbili

Kazini walimwita Nukta, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Mtu akimwambia atakuja kama saa nne hivi, alimuuliza, "Hivi ngapi?" Alikuwa fundi mkuu wa chumba cha saa katika taasisi ya vipimo: chumba kisicho na dirisha, chini ya ngazi, chenye mlango mnene kama wa jokofu la bucha. Ndani ilikaa saa ambayo saa nyingine zote za serikali ziliifuata. Haikuwa na mishale wala uso. Lilikuwa kabati la chuma lenye taa tatu za kijani, na ndani yake kipande cha jiwe kinachotetema bila kukoma. Wageni walioletwa kuiona waliondoka wamenuna kidogo, kama watu waliopunjwa.

Nukta hakuolewa. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kiume, fundi wa pampu za maji. Kwa kijana huyo dada hakuwahi kuona mwanamke anayefaa. Wa kwanza alikuwa anacheka sana, wa pili hakuwa anacheka kabisa. Alipooa hatimaye, alioa bila kuuliza. Alikuwa ametumwa wiki tatu kufunga pampu ya kisima kwenye kituo kimoja cha mbali, mwendo wa siku mbili kwa gari, kwenye antena kubwa kama sahani iliyopokea taarifa za satelaiti. Wiki tatu zikawa miezi, miezi ikawa ndoa. Na bibi harusi alikuwa ndiye fundi wa saa wa kituo hicho, mwanamke ambaye Nukta alimfahamu kwa muda mrefu kupitia namba alizotuma kila siku.

"Wanawake wote hawa duniani," Nukta alimwambia karani wa teleksi, "mdogo wangu kaenda kuoa daftari langu."

Kazi iliyowaunganisha wanawake hawa wawili ilikuwa hivi. Ng'ambo ya bahari, katika nchi nyingine kabisa, kulikuwa na mtambo wa redio uliorusha mawimbi marefu mno, ya masafa ya chini kuliko redio yoyote ya nyumbani. Hayakubeba muziki wala habari. Yalitambaa kati ya ardhi na paa la anga, maelfu ya kilomita, yakafika bado yana nguvu. Nukta aliyapokea mjini, wifi yake akayapokea kituoni. Kila mmoja alikuwa na mashine yenye kalamu ya wino, iliyochora kwenye karatasi inayotembea polepole jinsi saa yake ilivyokuwa mbele au nyuma ya mawimbi hayo. Alfajiri na magharibi mstari ulipanda na kushuka, maana paa la anga lenyewe huhama jua likichomoza na likizama. Mchana ulitulia. Basi saa sita kamili kila mmoja alisoma namba yake, na kabla ya saa saba wifi alikuwa ameshatuma ya kwake. Nukta alitoa moja katika nyingine, akajua saa ya kule imeachana na ya kwake kiasi gani, bila mtu yeyote kusafiri. Walihesabu kwa vipande: sekunde moja ni vipande milioni.

Tatizo la mawimbi ni kwamba yamefanana. Hakuna lililoandikwa namba. Ukilipoteza moja, la jirani linakaa mahali pake, na mstari unaendelea mzuri tu kama hakukutokea kitu. Wimbi moja lilikuwa vipande hamsini. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka, ili kujiridhisha, Nukta alipakia kwenye gari saa ndogo ya kubebeka, imefungiwa betri zake na kuzungushiwa magodoro, akaenda nayo mpaka kituoni, wakazilinganisha uso kwa uso.

Wifi alikuwa na tabia ya kuongeza maneno baada ya namba. "Mvua imeanza huku." "Mdogo wako anakusalimu, kajikata kidole lakini si sana." Mtoto alipozaliwa, akaandika, "Ni wa kike. Kilo tatu na nusu." Nukta alikata maneno hayo kwa mkasi kabla ya kuweka karatasi kwenye faili. Alisema teleksi za serikali si mahali pa kuandikia uzito wa watoto. Hata hivyo yale makaratasi yaliyokatwa hakuyatupa mara moja. Aliyasoma mara mbili, halafu ndiyo akayatupa.

Mwaka ule mtoto alipokuwa na miezi minane, ule mtambo wa ng'ambo ulizimwa siku nane kwa matengenezo. Taarifa ililetwa mapema. Katika siku kama hizo kila saa ilijitegemea, na kazi ya fundi ilikuwa kupima joto la chumba asubuhi na jioni na kuandika. Jiwe lile halipendi joto. Likipata joto hubadilisha mwendo. Mawimbi yakirudi, fundi anatazama joto la siku zote nane, anakadiria saa yake imesogea kiasi gani, na kwa hesabu hiyo anajua ashike wimbi lipi. Akikosea hesabu, anashika la jirani.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Mchana mdogo wake Nukta alitokea mlangoni bila taarifa, mfuko begani. Alikuja mjini kutafuta vipuri vya pampu, mke na mtoto amewaacha kwa sababu mtoto alikuwa na mafua. Hawakuwa wameonana miezi mitano. Nukta alikuwa ameshasoma kipimajoto asubuhi. Alimwambia mlinzi atarudi jioni, na jioni hakurudi.

Jumapili asubuhi pia hakwenda. Mdogo wake alimtengenezea bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu mwaka uliopita, akamweleza jinsi mtoto anavyotambaa kinyumenyume, akaiga. Nukta alicheka mpaka akashika ubavu. Saa nane mchana alimsindikiza kwenye gari, na saa tisa alikuwa anafungua mlango mnene chini ya ngazi.

Joto likampiga usoni. Kiyoyozi kilikuwa kimya. Alitazama kipimajoto: nyuzi thelathini na moja. Fyuzi ilikuwa imeungua. Alibadilisha kwa dakika nne, akakaa kwenye kiti akisikiliza mashine ikivuma, mpaka saa kumi na moja na nusu, joto liliporudi ishirini na mbili, kama siku zote. Kisha akafungua daftari. Kulikuwa na nafasi mbili tupu, ya Jumamosi jioni na ya Jumapili asubuhi. Akaandika ishirini na mbili, ishirini na mbili. Halafu chini yake, Jumapili jioni, akaandika ishirini na mbili ya tatu, na hiyo ilikuwa ya kweli.

Alijiambia kwamba fyuzi itakuwa imeungua muda mfupi tu kabla hajaingia. Hakuwa na sababu ya kuamini hivyo, isipokuwa alitaka iwe hivyo.

Jumapili hiyohiyo, kule kituoni, mafua ya mtoto yaligeuka homa. Mama yake alimbeba akashinda naye zahanati tangu asubuhi mpaka giza lilipoingia. Kesho yake alifungua daftari lake, na kwenye mstari wa jana akaandika: "Sikusoma. Mtoto anaumwa."

Mtambo ulirudi Alhamisi. Kila mmoja alifanya hesabu yake, akashika wimbi lake, na kazi ikaendelea.

Miezi saba baadaye Nukta alifika kituoni na saa yake ya kubebeka. Walikaa wawili katika chumba cha wifi, kilichochimbwa chini ya ardhi, kidogo na baridi. Kwa mujibu wa namba za kila siku, zile saa mbili zilitakiwa ziwe zinapishana vipande vitatu. Zilipishana hamsini na tatu.

"Hamsini," wifi alisema taratibu. "Mmoja wetu kapoteza wimbi."

"Nionyeshe daftari lako la siku zile nane," Nukta alimwambia.

Wifi alilileta. Nukta alipitisha kidole mstari kwa mstari, akakisimamisha. "Hapa."

"Hapo nilikuwa zahanati. Lakini tazama juu yake, kumi na tisa. Tazama chini, kumi na tisa. Chumba hiki kiko ardhini, wifi. Hata nikiondoka mwezi mzima hakipati joto."

"Hukuwepo. Hujui."

"Sawa, sikuwepo. Na la kwako je?"

"La kwangu limejaa."

Nukta alikumbuka kile chumba chenye joto. Hilo baadaye hakulificha, wala hakutaka mtu amsaidie kulipunguza. Pale pale, kidole kikiwa bado kwenye daftari la mwenzake, alikumbuka mlango, joto usoni, fyuzi. Likamjia na akalirudisha lilikotoka, kama mtu anavyosukuma droo iliyojaa kwa goti. Alikuwa ameendesha gari siku mbili. Alikuwa fundi mkuu. Na aliyekuwa mbele yake, pamoja na yote, alikuwa yule mwanamke aliyemchukulia ndugu yake akamweka mwisho wa barabara.

Aliandika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu. Kosa lilitokea kituo cha mbali, kwa sababu ya kutopima joto siku nzima. Saa ya kituo ikasogezwa vipande hamsini ili ifuate ya mjini. Kwa hiyo saa iliyokuwa sahihi ilisogezwa ili ikubaliane na ile yenye kosa, na hesabu za satelaiti za miezi saba zikarekebishwa kwa kuharibiwa. Mkurugenzi wa wakati ule alitaka mtu wa kuwajibika. Wifi aliondolewa chumba cha saa, akapelekwa stoo kugawa balbu na misumari.

Kabla hajaondolewa aliandika barua. Ilikuwa na kurasa nne, tatu kati yake zikiwa hesabu tupu kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Alionyesha mwendo wa saa yake kabla na baada, na kwamba haiwezekani iwe imesogea hivyo. Mwishoni aliandika: "Kwa heshima, wifi, naomba uangalie tena joto la chumba chako siku ya Jumamosi na Jumapili, mdogo wako alipokuwa kwako." Nukta alisoma sentensi hiyo amesimama. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Joto la chumba changu limeandikwa kila siku."

Wiki hiyo mdogo wake alimpigia simu ofisini.

"Dada, nakuuliza kitu kimoja tu. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Maana huku nyumbani hakulaliki. Mwenzangu anasema kosa liko kwako."

"Wewe unanijua mimi tangu lini?"

Ndugu yake akasema, "Basi sawa, dada."

Ndoa ile ilidumu miaka mingine mitatu. Haikuvunjika kwa ajili ya vipande hamsini peke yake. Watu wakiachana huwa na mengi. Lakini kila ugomvi, uwe wa kuni au wa ndugu waliokuja kulala, ulizunguka ukafika palepale. Mke alisema, siku ile ulipotakiwa kuniamini, ulimwamini dada yako. Mume alisema, dada hawezi kukosea kitu kama hicho. Mwishoni mwanamke alimchukua mtoto, akaacha kazi ya stoo, akahamia mji mwingine. Mwanamume alirudi mjini akapanga vyumba viwili karibu na dada yake. Kila Jumapili alikula kwake. Alikuwa mpole, mwenye kusaidia, na hakuiga tena mtu yeyote akitambaa.

Miaka miwili baada ya ripoti ile taasisi ilikuwa imepata saa mpya. Zote zikawekwa upya kutoka mwanzo, na hesabu za zamani zikafungwa kwenye maboksi. Zingekaa hivyo mpaka mchwa wazile, kama si kwamba satelaiti zenyewe zilianza kuleta saa, na mtambo wa mawimbi marefu ukatangaziwa kuzimwa kabisa. Nukta alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mkurugenzi mpya alimwomba aandike historia fupi ya huduma ile. Kwa kuwa ni Nukta, fupi ilimaanisha ukweli wa kila siku. Aliandikia kituo cha tatu, cha nchi jirani, kilichokuwa kikipokea mawimbi yaleyale, akaomba nakala za namba zao. Wakamletea bahasha nene.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi ya kawaida. Alitandaza karatasi tatu za grafu mezani: ya jirani, ya kituo cha mbali, ya kwake. Alianza kuweka nukta za wiki ile kwa penseli, hata hakuwa anawaza kitu maalumu. Mstari wa jirani na wa kituo cha mbali ulinyooka, ukavuka zile siku nane, ukatokea upande wa pili pale ulipotarajiwa. Wa kwake ulivuka, ukatokea hamsini chini.

Alihesabu tena. Alihesabu mara ya tatu kwa kutumia namba za mwezi mzima. Karani alipita akamuuliza kama anataka chai, akamjibu "hapana, asante" kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha aliteremka stoo ya kumbukumbu, akatafuta daftari la mwaka ule, akalifungua. Zile ishirini na mbili, zote tatu, zilikuwa zimeandikwa kwa wino mmoja na kwa mkono mmoja, bila kupumzika kati ya ya kwanza na ya mwisho. Mtoto wa shule angeona kwamba zimeandikwa kwa mkupuo. Hakuna aliyewahi kuja kutazama, kwa sababu hakuna aliyefikiri Nukta anahitaji kutazamwa.

Kumpata wifi hakukuwa kazi. Alikuwa na karakana ya kusuka mota katika mji wa kati, saa tano kwa basi, na mafundi wa pampu wote walimjua. Nukta alikwenda Alhamisi, amebeba bahasha ya grafu na daftari ndani ya mfuko wa nguo.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa mabati, kinanuka vanishi. Mota zilipangwa sakafuni kwa ukubwa, za feni mpaka za mashine za kusaga. Wifi alikuwa ameketi kwenye stuli, miwani puani, anapanga waya wa shaba kwenye matundu ya mota iliyofunguliwa. Nywele zilikuwa nyeupe pembeni. Alimtazama mgeni juu ya miwani kwa muda.

"Nukta," akasema. "Nimezoea kukuita wifi, lakini hilo nadhani lilishaisha muda wake. Kaa pale, hiyo mota ni nzima, haitakuchafua."

Nukta alikaa juu ya mota. Akafungua mfuko, akampa grafu. Wifi alifuta mikono, akazishika kwa ncha za vidole, akazipeleka kwenye mwanga. Hakuhitaji kuelezwa. Baada ya miaka kumi na tisa alisoma ule mstari kama mtu anavyosoma jina lake.

"Ya kwako ndiyo iliyoruka," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kiyoyozi kilizima. Jumamosi au usiku wake, sijui. Niliingia Jumapili saa tisa, joto thelathini na moja."

"Na kwenye daftari?"

Nukta alimpa daftari. Wifi alitafuta siku, akazikuta zile namba tatu, akazitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama grafu.

"Siku ulipokuja kwangu na saa yako," aliuliza, "ulipoweka kidole chako kwenye mstari wangu. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua kwamba ndiyo sababu."

"Sikukuuliza hivyo."

"Nilijua kwamba zile namba nilizitunga."

Wifi akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomsumbua. Alirudi kwenye stuli, akaushika waya, akauacha.

"Mimi niliacha wazi," akasema. "Unajua hilo ndilo liliniumiza kuliko stoo. Ningeandika kumi na tisa pale, nani angejua? Na ilikuwa kumi na tisa, naapa. Lakini sikuwepo, basi nikaandika sikuwepo. Nilifundishwa hivyo. Tena nilifundishwa na kitabu cha maelekezo ulichokiandika wewe."

"Najua."

"Barua yangu uliisoma yote?"

"Niliisoma yote. Nimekuja kuomba msamaha. Sina kingine nilicholeta."

"Naona," wifi alisema. Nje mtu alikuwa anashusha mota kwenye mkokoteni, akilalamika juu ya uzito wake. "Umemwambia kaka mtu? Mdogo wako?"

"Bado. Nilitaka nianze kwako."

"Ungeanza kwake. Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikukosea. Sikuhitaji basi la saa tano kuniletea habari hiyo. Yeye ndiye ambaye hajui mpaka leo." Akavaa miwani vizuri. "Msamaha nitautafuta, sijui nimeuweka wapi. Nikiupata utasikia. Kwa sasa nina mota ya watu, inatakiwa kesho."

Hakumfukuza. Alimmiminia maji ya kunywa kwenye kikombe, akasubiri mpaka ayamalize, akamsindikiza mpaka mlangoni. Pale mlangoni Nukta aliuliza habari za mtoto.

"Shangazi mtu," wifi alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo, ingawa halikuwa tabasamu la kumpa mgeni. "Mtoto ana miaka ishirini. Anasomea ufundi wa mitambo ya hospitali."

Jumapili mdogo wake alikuja kula kama kawaida. Nukta alimwambia kabla ya chakula, kwa kuwa aliogopa kwamba akishakula naye hatathubutu. Aliongea kwa dakika kumi bila kusimama. Alimweleza hata kuhusu bomba la jikoni, kwamba wakati yeye analitengeneza, kule chini ya ngazi saa ilikuwa inapata joto.

Ndugu yake alisikiliza akiwa amesimama kando ya dirisha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini sasa, mabega yameanza kushuka.

"Nilikuuliza," alisema mwishoni. "Nilikupigia simu nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Unajua nilirudi nyumbani nikamwambia nini? Nilimwambia, 'Kubali tu mama, kukubali kosa si aibu.' Mtoto yuko mgongoni. Nikamwambia hivyo." Alitazama mikono yake. "Hakulia. Aliniangalia tu. Mimi nikadhani ni ukaidi."

"Kosa si lako. Uliniamini mimi."

"Hilo ndilo lenyewe, dada."

Alikwenda jikoni, akafungua maji, akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi, akakifunika juu ya meza. Akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni alisema, "Usinipigie. Nitakapoweza nitakuja," akashuka ngazi bila haraka, mkono ukishika ukuta.

Nukta aliandika ripoti ya pili. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, pamoja na grafu zote na nakala ya ukurasa wa daftari, na chini ya ukurasa huo aliandika kwa mkono wake ni namba zipi za kweli na ni zipi alizozitunga. Mkurugenzi mpya aliisoma akaonekana hajui aitupie wapi.

"Mama, ya nini sasa?" alimuuliza kwa upole. "Saa zile hazipo. Mtambo wenyewe unazimwa mwezi ujao. Umebakiza miezi michache, ondoka na heshima yako."

"Iweke kwenye faili lake," Nukta alisema. "Faili la yule fundi wa kituo cha mbali. Na aandikiwe barua."

"Huyo hayuko kazini miaka kumi na sita."

"Ndiyo. Anwani yake ninayo."

Barua ilikwenda. Ilikuwa na sentensi mbili, na ya pili ilimshukuru kwa utumishi wake. Nukta aliiona nakala, akaona ni ndogo mno, lakini hakuwa na mamlaka ya kuiandika upya, na pengine hakuna barua ambayo ingetosha.

Alistaafu mwezi wa tisa. Walimpa sherehe ndogo chini ya ngazi, keki na hotuba. Msemaji alipofika kwenye maneno "hakuwahi kukosea," Nukta aliinua mkono akamsahihisha mbele ya watu wote. Watu walicheka kwanza, wakidhani ni utani wake wa kawaida, halafu wakaacha.

Jumapili zikawa ndefu. Alipika kidogo, akala nusu. Mara kadhaa alishika simu, akakumbuka alichoambiwa, akairudisha.

Habari zilizofuata hazikutoka kwa mdogo wake. Zilitoka kwa msichana mmoja aliyepiga simu mchana wa siku ya kazi, sauti nzito kidogo, akajitambulisha kuwa ni mtoto wa kaka. Nukta alisimama kuipokea simu ile kama vile mtu ameingia chumbani.

"Shangazi, shikamoo. Mama amenipa namba yako. Hakusema nipige wala nisipige, amenipa tu."

"Marahaba, mama. Marahaba. Hujambo?"

Hakuwa na shida yoyote. Alitaka kumjua, alisema, na hakujua waanzie wapi, kwa hiyo alianza na vilivyo karibu. Masomo yalikuwa magumu lakini anayaweza. Mama mzima, mgongo unamsumbua. Halafu akasema baba amefika kule karakana. Alikuja na mota ya pampu ndani ya gunia, akasema imeungua. Mama aliifungua, akamwambia imeharibika kidogo sana, fundi yeyote wa mjini angeiweza, saa tano zote hizo za basi za nini. Baba akasema hakuona fundi mwingine.

"Halafu?" Nukta aliuliza.

"Mama akamwambia aiache, aje Alhamisi. Alhamisi akaja. Wakakaa nje wanaongea, mimi sikuwepo, nimeambiwa na jirani. Mama anasema hakuna kinachorudi, nisianze kuota. Anasema walikuwa wanamalizia mazungumzo tu."

"Na baba yako anasemaje?"

"Baba hasemi. Unamjua. Nilimuuliza kama amekwambia wewe. Akasema bado."

"Sawa, mwanangu," Nukta alisema. "Asiharakishwe."

Wakaongea kidogo kuhusu hali ya hewa ya kule na ya huku. Msichana akaahidi kupiga tena akimaliza mitihani, na Nukta, ambaye maisha yake yote aliuliza watu hivi ngapi, hakumuuliza ni lini. Alikata simu, akakaa. Nje watoto wa jirani walikuwa wanatoka shule. Alifurahi kwa ajili ya wale watatu, furaha ya kweli, na akaona wazi kwamba ilikuwa ikifanyika mahali ambapo yeye hayupo, na kwamba hapakuwa na mtu wa kumlaumu kwa hilo.